Fungu la Mwenyeji Katika Neema ya Msitu na Bahari

Matini ya mazungumzo kwa masheha, kamati za uhifadhi za shehia na watumishi wa Serikali, Unguja na Pemba



Madhumuni ya mazungumzo haya ni kulieleza jambo moja ambalo husemwa sana na kufafanuliwa kidogo, nalo ni mgawanyo wa manufaa yatokanayo na mali asili. Katika risala, katika mikutano na hata katika vibao vya miradi husomwa kwamba wananchi "wanufaike" na misitu na bahari yao. Maneno hayo ni mazuri. Lakini neno "kunufaika" limekuwa likitumiwa kana kwamba mwenyeji wa kijiji ni mtu anayeitwa kula baada ya wenye karamu kushiba. Sivyo ilivyo. Mwenyeji anayepakana na eneo lililohifadhiwa ni mtu aliyekwisha kutoa kitu chake. Anachopewa baadaye si ihsani, bali ni malipo ya alichokitoa. Na malipo yana taratibu zake zinazojulikana na kila mfanya biashara wa sokoni. Hulipwa aliyestahiki, kwa kiasi kilichokubaliwa, na kwa hesabu inayoonekana.

Mfano ulio karibu, na ambao wengi waliohudhuria wanaujua, ni ule wa Jozani katika Mkoa wa Kusini Unguja.

Msitu wa Jozani ulikuwa chini ya ulinzi tangu zama za ukoloni. Utaratibu wa zama hizo ulikuwa mwepesi kuueleza: msitu ni wa Serikali, askari wa misitu ni mlinzi wake, na mwanakijiji ni mshukiwa. Mwanamke aliyetoka Kitogani na kamba yake kwenda kutafuta kuni, katika pori ambalo nyanya yake alikuwa akiokota humo, alihesabiwa kuwa mvunja sheria. Utaratibu huo uliweza kuandika kesi nyingi, lakini haukuweza kuulinda msitu, kwa kuwa askari hulala na kijiji hakilali chote kwa wakati mmoja.

Mnamo mwaka 1995 ulianzishwa mradi wa uhifadhi wa Jozani na Ghuba ya Chwaka, baina ya Serikali na Shirika la CARE, kwa msaada wa Serikali ya Austria. Mwaka uliofuata zikapatikana sheria mbili zilizobadilisha mambo: Sheria Namba 2 ya 1996 kuhusu mazingira, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria Namba 3 ya 2015, na Sheria Namba 10 ya 1996 kuhusu uhifadhi na usimamizi wa rasilimali za misitu. Hii ya pili ndiyo iliyofungua mlango wa wanajamii kufunga mkataba na mamlaka ya misitu, wakakabidhiwa eneo walisimamie wao wenyewe kwa taratibu walizokubaliana. Mnamo mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika historia ya Zanzibar, na mwaka 2016 eneo hilo likaingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za binadamu na viumbe hai.

Sababu kubwa ya sifa zote hizo ni mnyama mmoja, kima punju. Asili ya mnyama huyu ni kisiwa cha Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani nacho, wala hapatikani kwengineko duniani isipokuwa wale wachache waliohamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1868 na wakampa jina la John Kirk, aliyekuwa Balozi wa Uingereza hapa Zanzibar. Watu wa Kusini walikuwa wakimjua tangu zamani kwa jina la punju, yaani sumu, kwa harufu yake na kwa imani kwamba mti anaoukalia hufa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kuwa wapo zaidi ya 5,800, idadi ambayo ni zaidi ya mara tatu ya ile iliyokuwa ikidhaniwa kabla. Ni habari njema kwa mhifadhi. Kwa mkulima, maana yake ni midomo mingi zaidi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala, na inafaa paelezwe bila haraka.

Kima punju hafahamu mpaka. Kusini ya msitu yako mashamba ya watu, yenye miembe, mikungu, mipera na minazi, na kima hao huyapenda mashamba hayo kwa majani yake machanga na kwa vidaka vya nazi. Wakulima walilalamika kwa miaka mingi kwamba minazi yao inaliwa kabla kidaka hakijawa dafu. Ikafanywa tafiti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walieleza kwamba minazi iliyoliwa vidaka zaidi na kima haikuonekana kutoa nazi pungufu wakati wa kuangua, bali kinyume chake. Mnazi hudondosha wenyewe vidaka vingi, na kuliwa baadhi yake huenda kukawa kama kupogoa. Utafiti huo ni wa kuheshimiwa. Hata hivyo, wako maofisa waliouchukua kama hukumu, wakaenda nao vijijini kuwaambia wakulima kwamba hawana hasara, basi wanyamaze. Kufanya hivyo ni kulifahamu jambo nusu.

Kwanza, si kila mti wa shambani ni mnazi, wala matokeo ya minazi ya eneo moja hayawezi kupelekwa kwa kila mti na kila shamba. Pili, na hili ndilo kubwa, wageni waliokuwa wakija Jozani kumtazama kima punju, mara nyingi hawakumwona ndani ya msitu. Walimwona shambani. Makundi ya kima waliozoea watu, wanaokaa chini na kupigwa picha kwa karibu, yalikuwa katika mashamba ya wakulima ng'ambo ya barabara. Mgeni alilipa kiingilio cha msitu mlangoni, akaandikiwa stakabadhi, kisha akaongozwa katika shamba la mtu ambaye hakuulizwa na hakulipwa. Kima alikula kwa mkulima, na fedha ya kumtazama ikaingia kwengine. Hata ikiwa hakuna nazi moja iliyopungua, shamba hilo lilikuwa likifanya kazi ya bustani ya wanyama, na mwenye shamba alikuwa akikatazwa kumfukuza mnyama kwa jiwe.

Kwa hivyo hoja ya mkulima haikuwa hoja ya fidia peke yake. Ilikuwa pia hoja ya kodi, kama ile anayodai mwenye nyumba kwa mpangaji wake. Baada ya mazungumzo marefu utaratibu ulibadilishwa. Fedha za kiingilio zikagawiwa mafungu: fungu la kuendeshea hifadhi yenyewe, fungu la maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka kupitia jumuiya ya uhifadhi ya JECA, na fungu la wakulima wenye mashamba yanayotembelewa na kima, kupitia jumuiya yao ya UWEMAJO. Kijiji cha Pete kikapata njia ya mbao ndani ya mikoko, ambayo wageni huipita na kijiji hupata fungu lake. Barabarani yakawekwa matuta, na kima wanaogongwa na magari wakapungua. Ingawa madereva wa gari za shamba mpaka leo hawajayasamehe matuta hayo.

Yapo mambo mawili ya kuyazingatia katika mpango wa Jozani, na yote mawili hupotea pale mipango kama hiyo inaponukuliwa mahali pengine.

La kwanza ni kwamba fungu la kijiji na fungu la mkulima vilitenganishwa. Mara nyingi husemwa kwamba kijiji kimenufaika kwa kuwa kimejengewa skuli, au kimechimbiwa kisima, au kituo cha afya kimetiwa mabati mapya. Hayo yote ni kheri. Lakini skuli husomesha watoto wote, wa yule ambaye kima wanakula kwake na wa yule ambaye hajapata kuwaona. Yeye mwenye shamba hubaki na hasara yake peke yake, huku faida akigawana na mji mzima. Ikiwa uhifadhi unamgharimu mtu mmoja zaidi kuliko wenziwe, basi hapana budi pawe na fungu linalomfuata mtu huyo mpaka mlangoni kwake. Hilo la kijiji liwe juu yake, lisiwe badala yake.

Hapa huzuka mas-ala ya nani hasa ni "mwenye shamba". Masheha wanajua kwamba katika visiwa hivi ardhi na miti si kitu kimoja. Ardhi ni mali ya umma, na haki ya kuitumia hutolewa kwa sheria. Mnazi unaweza kuwa wa mtu aliyeko mjini aliyeurithi kwa babu yake, na chini ya mnazi huo akawa analima mtu mwengine kwa ruhusa tu. Fedha ikipelekwa kwa jina lililomo katika hati, mlimaji anayelala shambani kufukuza wanyama hapati kitu. Ikipelekwa kwa mlimaji, mwenye miti hudai. Hakuna kanuni moja itakayofaa kila pahala, lakini jambo hili likiachwa bila ya kuandikwa mapema, hugeuka ugomvi wa jamaa, na ugomvi wa jamaa humalizikia mahakamani au kwa kutosalimiana. Kamati iandike jina la mwenye miti na jina la mlimaji, na makubaliano yao, kabla ya fedha ya kwanza kufika.

La pili ni kwamba fungu linalotegemea mgeni huanguka mgeni asipokuja. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipositisha safari za dunia. Viingilio vilikauka katika hifadhi zote zinazotegemea watalii, lakini kima hawakupata habari hiyo, wakaendelea kula kama kawaida. Mpango wowote wa kugawana ambao hauweki akiba katika miaka ya wageni wengi huwa unamwambia mkulima kwamba atalipwa siku za neema na atavumilia peke yake siku za dhiki. Katika vijiji vingi akina mama wamekwisha kuonyesha namna ya kulikabili jambo hili, kwa vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Sanduku lenye makufuli matatu, na funguo kwa watu watatu tofauti, limeendesha maisha ya watu katika miezi ambayo ofisi kubwa zilikuwa zikingojea barua ya kuidhinisha matumizi.

Kwa upande wa bahari, mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Misali, kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Pemba. Wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba hukitegemea kwa maji yake na kwa dago, yaani kambi za kulala wakati wa msimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi walipinga, na mpango huo ukaachwa. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2005 ikaingia ndani ya eneo kubwa zaidi la hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Wavuvi hawakutolewa. Sehemu ndogo tu ya maji ilifungwa isivuliwe kabisa ili samaki wapate pa kuzalia, na sehemu kubwa iliyobaki ikaendelea kuvuliwa kwa mitego inayoruhusiwa.

Yafaa wengine walizingatie jambo hili wanapofikiria manufaa kuwa ni fedha tu. Kwa mvuvi wa Pemba, manufaa ya kwanza ya Misali hayakuwa fungu la kiingilio cha watalii. Yalikuwa ni kubaki na haki yake ya kuvua na kulala dago. Mtu akinyang'anywa haki hiyo kisha akaletewa asilimia ya kiingilio, atakuwa amenyimwa mkate akapewa makombo yake.

Misali inasifika kwa jambo jengine. Hadithi za wazee husema kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani, akaomba msala asali, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mithili ya msala. Kwa ajili ya heshima hiyo, na kwa kuwa takriban wavuvi wote ni Waislamu, kuanzia mwaka 1999 elimu ya uhifadhi ilipelekwa misikitini na vyuoni kwa mafunzo ya dini, baada ya kuonekana kwamba vipeperushi vya kitaalamu havikuwa vikisomwa. Miongoni mwa mambo yaliyofaa kuelezwa ni kwamba sheria ya Kiislamu ilijua hifadhi tangu karne ya kwanza, kwa jina la hima, yaani eneo la malisho lililowekewa mipaka kwa maslaha ya umma na si kwa fahari ya mkubwa yeyote.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Khalifa Umar bin Khattab alimweka msimamizi wa hima, jina lake Hunayy, akampa maagizo ambayo mpaka leo ni somo kwa kila ofisa wa hifadhi. Alimwagiza amwachie aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan, ambao walikuwa matajiri wa Madina na masahaba wakubwa. Sababu aliyoitoa ni ya kihesabu kabisa: wale matajiri mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama huyu mnyonge mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kudai Hazina, na majani ni rahisi kuliko dhahabu na fedha. Hima ile ilikuwa ya umma wote, lakini mlango wake ulifunguliwa kwanza kwa yule ambaye hana pengine pa kwenda.

Agizo hilo linagusa moja kwa moja hali ya vijiji vya leo, kwa sababu ndani ya kijiji kimoja pia wamo wenye ngamia wachache na wenye ngamia wengi. Kizimkazi, ambako zamani pomboo walivuliwa wakafanywa chambo cha papa, utalii wa kuwatazama pomboo ulileta fedha nyingi kuliko uvuvi ule. Lakini fedha hiyo hufika kwanza kwa mwenye boti, kisha kwa nahodha, kisha kwa anayejua lugha za wageni. Aliyekuwa hana chombo jana, hana fungu leo. Kadhalika pwani inapofungwa, mara nyingi anayeumia mwanzo si mvuvi wa maji makuu. Ni mwanamke anayekwenda kwa miguu wakati wa maji kupwa kutafuta chaza na pweza, na ambaye jina lake halimo katika daftari la wavuvi kwa kuwa hana chombo cha kuandikisha. Kamati ya diko inayoundwa na wenye vyombo peke yao haitamwona mtu huyu, hata ikiwa na nia njema.

Suala la kiasi nalo linahitaji uangalifu. Wananchi huambiwa asilimia fulani itakuwa yao, wakapiga makofi. Swali ambalo halikuulizwa ni: asilimia ya nini? Uganda ilipitisha katika sheria yake ya wanyama ya mwaka 1996 kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa ipelekwe kwa serikali za mitaa zinazopakana nazo. Ni sheria iliyosifiwa, na ilistahiki. Lakini katika msitu wa Bwindi, penye sokwe wakubwa wa milimani, fedha nyingi haziko katika kiingilio cha mlangoni. Ziko katika kibali cha kuwafuata sokwe, ambacho mwaka 2020 mgeni wa nje alikilipia Dola 700 za Marekani. Asilimia 20 ilihesabiwa katika kiingilio, na kibali kikawa nje ya hesabu hiyo. Baadaye ikaongezwa tozo maalumu kwa kila kibali kwa ajili ya wanavijiji, nayo ilianza kwa Dola 5 na ikapandishwa kuwa Dola 10. Mwenye kuhesabu ahesabu.

Hali hiyo inaweza kutokea popote. Kijiji kinaweza kuwa na fungu nono la kiingilio, na fedha halisi zikawa katika ada ya kiongozi, katika duka la vinywaji, katika kodi ya ardhi ya hoteli iliyojengwa kwa sababu ya msitu ule. Mkataba mzuri hutaja kwa jina kila mlango ambao fedha huingilia.

Tena iko hatari ya kugawana kitu ambacho bado hakijapatikana. Kati ya mwaka 2010 na 2014 ulitekelezwa Unguja na Pemba mradi wa HIMA, kwa maana ya Hifadhi ya Misitu ya Asili, uliosimamiwa na CARE pamoja na idara ya misitu kwa fedha za Norway. Shehia nyingi zilipima misitu yao, zikaweka mipaka, zikafunga mikataba na zikachagua kamati. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na mikataba ile ni mafanikio ya kudumu. Lakini wananchi walielezwa pia kwamba hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti yao itauzwa katika soko la dunia na fedha zitawafikia. Mpaka mradi unamalizika, fedha za mauzo hayo zilikuwa hazijafika. Walioacha kukata kuni na kuchoma mkaa katika maeneo yaliyofungwa walikuwa wamekwisha kulipa upande wao wa biashara. Ofisa anayekwenda kijijini kueleza mpango wa aina hii, na bila shaka mingine itakuja, aseme wazi ni nini kilicho mkononi na ni nini kinachotarajiwa. Mwananchi wa shamba si mtoto. Anajua mvua ya vuli huja au isije, na hupanda kwa hesabu hiyo. Kinachomvunja moyo ni kuahidiwa vuli kwa tarehe.

Kuhusu elimu ya miti shamba ipo haja ya maneno machache. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992 na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka kwamba anayechukua mmea pamoja na ujuzi wa wenyeji kuhusu mmea huo, akatengeneza dawa au mbegu, apate ridhaa yao kwanza na agawane nao faida. Waganga na wakunga wa jadi wa visiwa hivi wanao ujuzi wa namna hiyo. Mtafiti anayefika na daftari lake aulizwe kwa adabu kibali chake cha utafiti kabla hajaonyeshwa jani.

Linabaki suala la hesabu, nalo ndilo lililovunja mipango mingi kuliko ujangili. Fungu likifika kwenye akaunti ya jumuiya, huwa limefika kwa katibu, mwenyekiti na mshika fedha. Ikiwa kijiji hakijui ni kiasi gani kimeingia, uvumi huchukua nafasi ya taarifa, na hata kamati iliyo aminifu huonekana imekula. Mtu aliyeamini kwamba fedha ya msitu imeliwa na wenzake hurejea msituni na shoka lake, na wala hajioni mkosa. Katika hali hiyo hakuna askari atakayetosha.

Utaratibu unaofaa si mgumu, na baadhi ya shehia zimekwisha kuuzoea. Kila baada ya miezi mitatu taarifa ya mapato na matumizi isomwe katika mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazofahamika, kisha karatasi yenyewe ibandikwe penye watu: barazani, dukani au dikoni. Isomwe na mtu ambaye si mshika fedha. Ofisi ya hifadhi nayo ipeleke kwa sheha idadi ya wageni walioingia na fedha zilizokusanywa, ili upande mmoja wa hesabu ulinganishwe na wa pili. Kwani kijiji kinachooneshwa fungu lake tu, bila ya kuoneshwa jumla, hakijaoneshwa kitu. Posho za vikao zitajwe zenyewe, zisifichwe chini ya kichwa cha "uendeshaji". Imewahi kuonekana katika mipango ya namna hii kwamba gharama za kukutana kujadili mgawo hukaribia kuumaliza mgawo.

Nakala ya mkataba wa usimamizi wa msitu au wa eneo la bahari iwekwe kijijini, si wilayani peke yake. Mwananchi yeyote mwenye kutaka kuisoma asomewe bila kuulizwa anataka kwa ajili gani. Mwenye malalamiko ya fungu lake aanze kwa sheha. Asipopata jawabu, aandike kwa Mkuu wa Wilaya na nakala kwa ofisi ya misitu au ya uvuvi inayohusika, na adai kuandikiwa jawabu. Mkataba wenye muda maalumu ukaribiapo kumalizika, kamati ianze mazungumzo ya kuufunga upya mapema, wala isingoje siku ya mwisho, kwa kuwa mara mkataba unapokufa msitu huwa hauna mwenyewe, na habari hiyo huwafikia wachoma mkaa kabla haijafika wilayani.